Mwanawetu Anasubiri Maji Yapwe Bara

Mwanawetu binti Shamte wa Kionga alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa wasiwasi. Ya pili, aliyoifanya pale wasiwasi ulipompa nafasi, ilikuwa kuchokoa pweza.

Kwenye wasiwasi hakuwa na mshindani kutoka mdomo wa Ruvuma mpaka Palma. Mtoto akichelewa kurudi dukani, yeye ameshamzika. Mbwa akibweka, wamekuja. Mbwa asipobweka, wamekuja na mbwa wameshamuua. Majirani walimcheka kwa hilo miaka mingi. Kisha mwaka mmoja wakaja kweli, watu wenye bunduki, kijiji kizima kikakimbia mikono mitupu, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kifurushi kilichofungwa tangu zamani, chumvi ndani, kiberiti ndani, nguo kavu ndani. Tangu waliporudi hakuna aliyemcheka tena, jambo ambalo lilimtia wasiwasi.

Kwenye pweza alikuwa na mshindani mmoja, jirani yake Awa. Bahari ya Kionga ikipwa, wanawake hushuka mwambani na mikonjo, zile fito za chuma za kumchokolea pweza pangoni, na kila mmoja ana mapango yake anayoyajua. Mwanawetu hakumuuliza mtu maji yatapwa lini. Aliutazama mwezi usiku, asubuhi akasema, "Leo bamvua, maji makubwa, yatakauka kabla ya adhuhuri," na bahari ikafanya hivyo hivyo. Kwa miaka yote hiyo ya kutiiwa alikuwa ameanza kuamini kwamba bahari haitoki mpaka yeye aseme.

Halafu magoti yakagoma. La kulia lilianza, la kushoto likaliunga mkono. Kuinama aliweza, kuinuka ndiko kulikokuwa na maneno. Siku moja alikwama amechuchumaa kwenye pango, maji yanarudi, na ikabidi Awa amshike makwapani na kumburura mpaka mchangani mbele ya wanawake wote. Tangu siku ile Mwanawetu alibaki pwani akitazama. Na Awa, kwa wema wake, kila bamvua alimletea pweza mmoja. Ajabu ni kwamba pweza wa Mwanawetu hakuwa ametimia hata siku moja. Leo ana mikono sita, bamvua ijayo mitano. Mwanawetu alisema ahsante, akahesabu, akasema ahsante tena.

Habari za magoti zikafika mjini Pemba, ile ya Msumbiji, kwa mwanawe Faizal, mtoto wake wa pekee, mwenye kazi ya ofisini na viatu vya kung'aa. Faizal akaja na pikapu ya kuazima, akasimama uani na kusema maneno ambayo mama yake alikuwa akiyaogopa kuliko bunduki.

"Mamã, funga vitu vyako. Safari hii unakuja kukaa kwetu moja kwa moja."

Mwanawetu aliijua nyumba hiyo. Ndiko alikokaa ile miaka ya kukimbia. Hakuna aliyemtendea vibaya; wangemtendea vibaya, angalau angekuwa na la kusimulia. Walimkalisha kwenye sofa. Akishika ufagio, mkwewe Nazira anaupokea. Akishika kikombe akaoshe, Nazira anakipokea. Alikalishwa pale kama chombo cha udongo cha mtu mwingine, mbele ya televisheni, akitazama mchezo wa Kireno ambao ndani yake kulikuwa na mwanamke mmoja analia. Mpaka leo hajui yule mwanamke alikuwa akilia nini, na bado anamuombea.

"Siumwi," alisema.

"Mwambani huendi. Chini ukikaa huinuki. Utaishije hapa?"

"Kwa pweza wa Awa."

"Dotori amesema hiyo ni artrose, viungo vimelika."

"Dotori hajaniona."

"Nimemweleza."

"Basi amtibu aliyemweleza."

Hapo ua wa makuti ukakohoa. Awa hakualikwa kwenye mazungumzo, lakini kati ya nyumba hizo mbili ua ulikuwa mwembamba na masikio ya Awa mazito kwa mambo yake mwenyewe tu.

"Mpeleke Maji Moto, mwanangu," alisema Awa kutoka upande wake. "Bara huko, ukishaipita Nangade. Wifi yangu alipelekwa amebebwa, akarudi anatembea. Mwezi haukuisha, akamwacha mumewe, sasa yuko Mtwara anafanya biashara ya vitenge."

"Na hiyo ndiyo dawa?" Faizal akauliza.

"Dawa ni ya magoti. Mumewe ilikuwa nyongeza."

Mwanawetu alikuwa haamini maji yoyote yasiyo ya bahari. Lakini gari lilikuwa uani, mdomo wazi, likingoja vitu vyake, na mtu aliyekwama haulizi kamba imesokotwa na nani. Akaweka sharti pale pale, Awa akiwa shahidi wa nyuma ya makuti. Watakwenda Maji Moto. Ataoga. Akishaoga atakaa chini, kisha atainuka mwenyewe bila kushikwa na mtu. Akiinuka, anabaki Kionga. Asipoinuka, anapanda gari bila neno na sofa analikalia mpaka siku yake.

Faizal alidhani maji moto ni maji moto tu, hata jikoni yapo. Akakubali upesi, na wepesi wake huo ukamuuma mama yake.

Waliondoka alfajiri, watu watatu. Awa hakuombwa kuja, alikutwa ameshapanda. Mwanawetu alichukua kifurushi chake cha tangu zamani, akachukua na mkonjo wake kuwa fimbo. Njiani alifanya kazi yake ya kwanza kwa bidii: tairi lile linalia, daraja lile linacheza, yule mtu wa kando ya njia mbona hana jembe. Mchanga ukaisha, minazi ikaisha, udongo ukawa mwekundu, na kwenye kizuizi askari kijana akanyanyua mkono.

"Mnakwenda wapi?"

Mwanawetu hajui kumdanganya mtu mwenye bunduki. "Kuoga," alisema.

Askari akautazama mkonjo, akautazama mchanga mweupe kwenye miguu ya Awa. "Mnatoka wapi?"

"Kionga."

"Baharini."

"Ndiyo."

"Mnatoka baharini, mnakuja kuoga bara."

"Ndiyo, mwanangu."

Askari akamwita mwenzake, wakaombwa walirudie jibu lao. Mwenzake akamwita mkubwa wao aliyekuwa kivulini anakunywa chai, wakalirudia tena, safari hii Awa ndiye aliyeeleza na akaongeza habari za wifi. Nchi ilikuwa imeona mengi miaka hiyo, na wale askari walionekana watu walioshukuru kupata jambo lisilo na damu.

"Na chuma hicho?" akauliza mkubwa.

"Cha pweza," alisema Mwanawetu.

"Huku hakuna pweza, mama."

"Mmetafuta?" Awa akauliza.

Wakaruhusiwa kupita.

Maji Moto palikuwa bondeni, mahali ambapo gari liligoma kushuka na wao wakashuka kwa miguu, Mwanawetu kwa mkonjo na dua. Kwanza ilikuja harufu. Ilikuwa ya mayai yaliyosahauliwa na mwenye kuyasahau akahama. Kisha wakaona mwamba mpana mweusi, na katikati yake dimbwi limejaa hadi ukingoni, likifuka mvuke na kutoa mapovu taratibu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mbuzi wawili waliowatazama kwa dharau.

Awa alitia kidole cha mguu. Alikitoa haraka kuliko alivyokitia, akakaa akikipuliza.

"Yanachemka," alisema Faizal. "Hakuna mtu anayeoga humu."

Mwanawetu alilitazama lile dimbwi kwa jicho la mtu aliyezaliwa pwani. Akautazama mwamba, akatazama ukingo, akakumbuka mwezi wa jana usiku, ambao ulikuwa mviringo kama sinia.

"Mna haraka ya nini?" alisema. "Si mnaona maji yamejaa? Leo bamvua. Tukae, yapwe. Yakishatoka, yatabaki ya kwenye mashimo, yamepoa, tutaoga."

Lingekuwa jambo la kusameheka kama wenzake wangecheka. Hakuna aliyecheka. Awa alikubali kwa kichwa, maana bamvua ni bamvua. Na Faizal, aliyesoma mpaka vyeti vyake vikawekewa vioo, Faizal aliyekulia kwenye nyumba ambayo maji yalikuwa yakiondoka na kurudi kila siku mbele ya mlango, naye akasema, "Ni kweli," akauchukua mkonjo wa mama yake na kuuchomeka kwenye ufa, pale pale maji yalipoishia, ili waone yameshuka kiasi gani. Ndivyo afanyavyo kila mtoto wa pwani. Kisha wakaketi juu ya mwamba, watu watatu wenye akili zao, mbali na bahari mwendo wa asubuhi nzima kwa gari, kusubiri maji yapwe.

Mwamba ulikuwa na joto lake kwa chini. Mwanawetu alinyoosha miguu, akaifunika kwa kanga. Mapovu yalipanda. Mkonjo ulisimama. Jua nalo lilifanya kazi yake, na maji hayakufanya yao.

"Hayajatoka hata unywele," alisema Awa baada ya muda mrefu.

"Ndiyo kwanza yanasimama. Yakishasimama ndiyo yanageuka."

"Mwezi uliuangalia vizuri? Isije ikawa maji mafu, yasiyotoka."

"Maji mafu na mwezi mzima vile?"

"Mimi niliuona umeliwa upande."

"Umeliwa na wewe."

Walikuwa bado wanaugombania mwezi wakati mwanamke mmoja alipotokea na ungo wa muhogo kichwani. Aliwaona wameketi safu moja, kimya ghafla, macho kwenye fimbo ya chuma. Akafanya alivyofundishwa kufanya kwa watu wenye msiba: akatua ungo, akaketi pembeni, akanyamaza nao. Muda ulipokuwa mrefu mno hata kwa msiba, akajisogeza.

"Poleni, mama zangu. Mimi Luzia, wa kijiji cha hapo juu. Mnamsubiri nani?"

"Tumeshapoa, mwanangu," alisema Mwanawetu. "Tunasubiri maji yatoke."

Luzia akatazama dimbwi. "Yatoke yaende wapi?"

Swali lilikuwa la heshima kabisa. Mbuzi mmoja alikuwa anatafuna, na kutafuna kwake kukasikika bonde zima.

Faizal alikuwa wa kwanza kuelewa, kama ilivyo haki ya msomi. Akasema anakwenda kuangalia matairi, akaondoka kwa hatua ndefu.

"Kwenu maji yanaondoka?" Luzia akauliza tena, kwa upole.

"Kila siku. Mara mbili," alisema Mwanawetu.

"Na yanarudi?"

"Yanarudi."

Luzia alilifikiria jambo hilo. "Nyie mna moyo," alisema mwishowe. "Mimi nisingejenga nyumba hapo." Kisha akawaonyesha ungo. "Haya hayaendi popote tangu bibi yangu. Hapa ni pa kuchemshia muhogo. Kuoga ni kule chini, yanapochanganyika na kijito."

"Mimi nilijua," alisema Awa.

Hapo ndipo Mwanawetu alipopandwa na hasira. Kuchekwa na mbuzi angevumilia. Kuzeeka angevumilia. Lakini Awa, aliyekaa naye muda wote ule akiutazama ule mkonjo, Awa aliyeukata mwezi upande, kusema alijua! Mkonjo wenyewe ulikuwa bado umesimama pale ufani, unatangaza ujinga wao kwa kila apitaye. Mwanawetu akaufuata, akaung'oa, akateremka kuelekea kijitoni bila kugeuka nyuma. Hakuona alichokuwa amekifanya. Awa alikiona. Awa alibaki amekaa, anamtazama mgongoni.

Kule chini maji yalikuwa ya uvuguvugu, ya kumlewesha mtu. Wanawake wakaoga na kanga zao. Mwanawetu alioga kwa makini, macho manne: kama kuna nyoka, kama kuna mamba, kama kanga ya Awa inashikilia. Akayakanda magoti, akayasomea kila alichokijua na vingine alivyovifahamu nusu. Walipomaliza na kuvaa, wakamwita Faizal arudi kutoka kwenye matairi yake, maana sharti ni sharti.

Mwanawetu akakaa chini kwenye mchanga wa kijito. "Bismillahi," alisema, akajinyanyua.

Magoti yalisikia, yakafikiri, yakakataa. Alifika nusu. Akauegemea mkonjo, akarudi chini. Akajaribu tena na akafika robo. Mara ya tatu hakujaribu, alikaa tu akautazama mchanga, na akaliona sofa, akaona na televisheni, na yule mwanamke bado analia.

Faizal alichuchumaa, akamshika makwapani, taratibu kuliko Awa siku ile. "Basi, Mamã. Tumejaribu. Kesho tutaondoka mapema."

Mwanawetu hakubisha. Awa alikuwa anakamua kanga yake. Aliikamua mpaka ikakauka, akaendelea kuikamua. Jambo lilikuwa rahisi tu: Mwanawetu akienda Pemba, mapango yote ya upande wa kusini yanabaki kwa Awa, na pweza wote na mikono yao yote. Hakuna ambaye angemlaumu mtu kwa kukamua kanga.

"Kule juu aliinuka," alisema Awa, akiitazama kanga.

"Nani?"

"Mama yako. Aliponikasirikia. Aliinuka kutoka kwenye mwamba kama msichana, akaufuata mkonjo. Hakushikwa na mtu. Wewe ulikuwa kwenye matairi."

Faizal akamtazama mama yake. Mama yake akamtazama Awa. Kusema kweli, yeye mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa analisikia.

"Ni kweli," alisema Luzia, aliyekuwa anashuka na muhogo umeshaiva. "Mimi nilimwona. Kwani mlikuja kwa ajili ya magoti? Mbona hamkusema? Kwa magoti hatuogi. Bibi yangu hakuoga humu hata siku moja. Alikuwa anakuja na muhogo wake, anakaa pale pale mlipokaa nyie, juu ya mwamba wa moto, mpaka uive. Kisha anakwenda zake shamba. Alikufa na magoti yake mazima."

"Alikufa na nini?" Mwanawetu akauliza upesi.

"Na uzee, mama."

Kwa hiyo walipanda tena. Wakaketi safu ile ile, mahali pale pale, mbele ya dimbwi lile lile lisilokwenda popote, ila safari hii walikuwa na muhogo. Awa alionja na kusema chumvi ipo, kilichokosekana ni nazi. Joto likapanda kutoka kwenye jiwe, likaingia kwenye mapaja, likafika kwenye magoti na kubisha hodi. Hakuna aliyeutaja mwezi.

Muhogo ulipokwisha, Mwanawetu aliuweka mkonjo kando ili pasije kuwa na maneno. Akageuka, akaweka viganja juu ya mwamba, akatanguliza makalio angani kama ngamia, akasimama katikati ya njia muda wa kutosha kumfanya mwanawe anyooshe mikono.

"Usinishike."

Faizal akairudisha mikono yake mifukoni. Mwanawetu akamalizia safari. Haikuwa kuinuka kwa kupendeza, na magoti yalilia wote wakayasikia, lakini mwisho wake alikuwa juu, na aliyempandisha ni yeye.

"Tá bom, haya basi," alisema Faizal. "Umeshinda."

Alilisema akitazama mvuke, na Mwanawetu, ambaye kutazama watu ilikuwa sehemu ya kazi yake ya kwanza, akamtazama vizuri. Hakuona bosi wa ofisini. Aliona mtoto ambaye simu isipopokelewa Kionga, yeye ameshamzika mama yake. Mali yote aliyowahi kumrithisha mwanawe ilikuwa hiyo, na alikuwa ameipokea bila kupunguza.

"Chumba nimeshakipaka rangi," alisema Faizal.

"Rangi gani?"

"Ya bahari."

Mwanawetu akauokota mkonjo wake. "Nitakuja Idi nikitazame," alisema. "Nazira nimwachie aoshe vikombe vyote. Kisha unanirudisha. Na simu nitapokea."

"Hata ukiwa mwambani?"

"Mwambani nitaifunga kichwani."

Faizal alirudi Pemba peke yake na pikapu tupu. Kionga nako watu wakapata jambo la kutazama. Siku za bamvua, kabla maji hayajatoka, Mwanawetu hukoka moto wa vifuu juu ya bapa la jiwe uani kwake, akaufagia, akatandika gunia na kukaa juu yake. Watoto wanasema bibi anajikausha awe samaki ng'onda. Yeye anakaa, anatazama baharini, anayaruhusu maji yaondoke, na huku yana mahali pa kwenda. Kisha anainuka kwa mtindo wake wa ngamia na kushuka mwambani. Magoti bado yanauma. Hakuna siku ambayo hayaumi. Tofauti ni kwamba sasa yanauma yakiwa njiani.

Bamvua ya kwanza alipata pweza mmoja, mkubwa, ametimia mikono yote. Alisimama naye pwani akiwaza. Awa angeweza kunyamaza siku ile, na hakunyamaza. Mtu wa namna hiyo anastahili pweza mzima.

Akamtuma mtoto wa jirani ampelekee. Lakini kwanza alichukua kisu, akakata mkono mmoja, ili Awa asije akaingiwa na wasiwasi.